Risasi za bei nafuu za kulengea shabaha: .22 LR na milimita 9, ipi inafaa kazi gani

Anayenunua risasi za mazoezi huanza kwa kugawanya bei ya boksi kwa idadi ya risasi zilizomo. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini ikiachwa peke yake inapotosha. Tuseme boksi la kwanza linatoka senti 6 za dola kwa risasi, na tatu katika kila mia zinakataa kulia. Boksi la pili ni senti 10, na zinalia zote. Kila risasi iliyolia kweli katika boksi la kwanza imekugharimu kama senti 6.2 tu. Kwa fedha, la bei rahisi limeshinda kwa mbali.

Hasara ya risasi inayokataa iko kwingine: inakata mfululizo. Ukipiga milio 40 ya mashindano kwa risasi zinazokataa mbili katika mia, uwezekano wa kukwama angalau mara moja ni asilimia 55. Zikiwa zinakataa mbili katika elfu, uwezekano unashuka hadi karibu asilimia 8. Tofauti hiyo haionekani kwenye bei, ila kwenye karatasi ya alama inaonekana wazi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chapa, jiulize mambo mawili: unahitaji milio mingapi bila kukatizwa, na shabaha yako iko umbali gani? Anayepiga makopo kwa meta 20 na anayetafuta matundu yanayogusana kwa meta 50 hawapaswi kununua boksi moja.

Ulinganisho huu unafuata soko la Marekani, kwa sababu ndiko chapa nyingi za bei nafuu zinakotengenezwa au kuuzwa kwa wingi, na ndiko Waswahili wengi wa ughaibuni wanaopenda mchezo huu wanakonunua. Uzito wa kichwa cha risasi umeandikwa kwa greni na kasi kwa futi kwa sekunde, kama unavyoviona kwenye boksi. Greni 40 ni gramu 2.6.

Kwa nini .22 hukataa kuliko nyingine

Risasi ya .22 LR (Long Rifle) imekuwapo tangu 1887, na muundo wake haujabadilika sana. Haina fataki (kidude kinachogongwa na kuwasha baruti) ya peke yake katikati ya kitako kama milimita 9. Ukingo wa ganda lake ni mkunjo wenye uwazi ndani. Kiwandani mchanganyiko unaowaka hutiwa ndani ya ganda ukiwa umelowa, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili mchanganyiko uenee hadi ndani ya mkunjo, mduara mzima. Pini ya bunduki hugonga sehemu moja tu ya ukingo huo. Ikigonga mahali ambapo mchanganyiko haukufika, hakuna kinachotokea. Ndiyo maana risasi iliyokataa, ukiizungusha nusu mduara na kuirudisha chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa), mara nyingi hulia.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya rahisi na ghali ilipo. Mashine inayojaza mamilioni ya maganda kwa haraka huacha mapengo mengi zaidi. Kiwanda kinachokwenda polepole na kukagua zaidi huacha machache, nawe unalipia ukaguzi huo.

Jambo la pili ni kichwa. Kichwa cha .22 LR kina unene uleule wa ganda, na kisigino chake chembamba ndicho kinachoingia ndani. Hivyo sehemu kubwa yake iko nje, pamoja na nta au grisi ya kulainisha. Risasi zinazomwagwa kiholela ndani ya boksi au ndoo hugongana safarini: pua zinabonyea, nyingine zinalegea na kucheza ukizishika. Iliyopinda hukwama ikipanda kutoka kwenye magazini, na ikipita salama bado haiendi ilikolengwa. Zilizopangwa kwenye kitreya cha 50 au kijisanduku cha plastiki cha 100 hazipati msukosuko huo. Kwa maoni yangu, ufungaji ndicho kipimo cha kwanza cha ubora ambacho mnunuzi anaweza kukiona dukani bila kufyatua hata moja.

Jambo la tatu ni kiasi cha baruti. Gramu chache za makosa katika gunia zima hazina maana, lakini ndani ya ganda dogo hivi, tofauti ndogo tu hubadilisha kasi. Hilo tutalirudia tukifika kwenye umbali.

Chapa za .22 LR unazokutana nazo rafuni

Kwenye jedwali, "metali tupu" ni kichwa cha metali ya risasi kisichopakwa shaba. Bunduki ya bolti hupakiwa kwa mkono kila mlio kwa kuvuta bolti, kipande kinachofunga chemba; ya nusu otomatiki hujipakia yenyewe.

| Risasi | Kichwa | Kasi ya boksi | Inafaa zaidi |
|---|---|---|---|
| CCI Standard Velocity | greni 40, metali tupu | 1,070 | bunduki ya bolti, karatasi, meta 25–50 |
| CCI Mini-Mag | greni 40, imepakwa shaba | 1,235 | silaha za nusu otomatiki zinazochagua risasi |
| CCI Blazer | greni 40, metali tupu | 1,235 | mazoezi ya jumla |
| Federal AutoMatch | greni 40, metali tupu | 1,200 | nusu otomatiki kwa wingi |
| Aguila Super Extra | greni 40, imepakwa shaba | 1,255 | mazoezi ya jumla |
| Winchester 555 | greni 36, pua yenye tundu | 1,280 | makopo na sahani za chuma |
| Remington Golden Bullet | greni 36, pua yenye tundu | 1,280 | makopo na sahani za chuma |
| Remington Thunderbolt | greni 40, metali tupu | 1,255 | makopo, ukiwa tayari kusafisha |
| SK Standard Plus | greni 40, metali tupu yenye nta | 1,073 | karatasi, meta 50–100 |

Zile za CCI hutengenezwa Lewiston, Idaho, na Mini-Mag imekuwa sokoni tangu 1963. Kama silaha yako inasumbua na hujui kosa ni la silaha au la risasi, Mini-Mag ndiyo ya kupimia. Ikikwama na hiyo pia, tafuta tatizo kwenye silaha. Bastola ndogo kama Walther P22 huhitaji msukumo mkubwa ili kitelezi kirudi nyuma kikamilifu, na kwa hizo risasi ya kasi kubwa ni hitaji la kimitambo. Bei yake iko juu ya zile za ndoo, lakini bado ni risasi ya mtu wa kawaida.

CCI Standard Velocity ndiyo ningemshauri mtu mwenye bunduki ya bolti anunue kabla ya nyingine yoyote. Inatoka chini ya kasi ya sauti na kishindo chake ni kidogo. Kwa bei inayokaribiana na ya Mini-Mag, inatoa makundi ya matundu yaliyobana zaidi kuliko risasi nyingi za kasi kubwa. Bunduki nyingi za nusu otomatiki kama Ruger 10/22 huifanyia kazi vizuri zikiwa safi. Zikichafuka, au wakati wa baridi kali grisi inapoganda, bolti huanza kurudi nusu njia na ganda hubanwa mlangoni linapotokea.

AutoMatch ya Federal ni ya kundi la kati: huuzwa kwa boksi la 325, ina kichwa cha duara kinachopanda vizuri, na kasi yake inatosha kuendesha bolti. Aguila, ya Cuernavaca nchini Mexico, hutumia teknolojia ya fataki ya Eley ya Uingereza, na hilo linaifanya iwe miongoni mwa risasi rahisi zinazowaka kwa uhakika kuliko bei yake inavyoashiria. Malalamiko ya kawaida kuihusu ni harufu ya moshi wake na nta inayonata.

Golden Bullet na Winchester 555 ndizo risasi za wingi hasa. Sifa yake ya siku nyingi miongoni mwa walengaji ni kukataa mara kwa mara na kasi inayopanda na kushuka kati ya risasi moja na nyingine. Thunderbolt nayo inajulikana kwa kuacha mabaki ya metali kwenye mifuo ya ndani ya mtutu. Haimaanishi ni takataka. Kwa sahani ya chuma ya sentimita 20 kwa meta 25, mtoto wa miaka 14 anayejifunza pembeni ya mzazi wake atafurahi nazo sawa na nyingine yoyote. Tena risasi inayokataa bila kutarajiwa humfundisha mwanafunzi jambo: ukiona mtutu unainama wakati hakuna kilicholia, umegundua kwamba anauogopa mshindo na anausukuma chini kabla haujatokea.

SK hutengenezwa Schönebeck, Ujerumani, katika kiwanda kilekile kinachotengeneza risasi ndogo za Lapua. Si ya bei ya chini kabisa, lakini nimeiweka hapa kwa sababu ndiyo ngazi ya kwanza ambapo fedha ya ziada inaonekana waziwazi kwenye karatasi. Anayepiga meta 50 kwa umakini akitoka kwenye ndoo na kuja hapa ataona tofauti siku hiyohiyo. Kutoka hapa kwenda juu, kila hatua inagharimu zaidi na kuonyesha kidogo zaidi.

Angalizo moja kuhusu CCI Stinger, ambayo wengi huichukua kwa sababu kasi yake ni 1,640: ganda lake ni refu kuliko la .22 LR ya kawaida. Katika bunduki yenye chemba ya kubana iliyotengenezwa kwa mashindano, usiitumie.

Umbali ndio unaoamua

Sauti husafiri kama futi 1,125 kwa sekunde hewani kukiwa na joto la kawaida. Risasi iliyotoka kwa 1,255 huipita kasi hiyo mwanzoni, kisha hupungua na kushuka chini yake ikiwa bado njiani. Inapovuka mpaka huo hewa huitikisa, na kichwa chenye kasoro ndogo hutikisika zaidi. Kwa meta 25 hutaona. Kwa meta 50 unaanza kuona. Kwa meta 100 risasi rahisi ya kasi kubwa hutawanyika kiasi kwamba huwezi kujua kosa ni lako au lake. Inayotoka kwa 1,070 haivuki mpaka wowote, ndiyo maana karibu risasi zote za mashindano ni za polepole.

Tofauti ya kasi kati ya risasi na risasi nayo hukua na umbali. Chukua mbili kutoka boksi moja, moja ikitoka kwa 1,050 na nyingine kwa 1,100, tofauti ya kawaida kwa boksi rahisi. Kwa meta 25 zitaachana kwa milimita 2 au 3 wima, jambo lisilo na maana. Kwa meta 50 ni karibu sentimita 1. Kwa meta 100 ni sentimita 3 na zaidi, na hapo hatujahesabu upepo, wala mkono wako. Ukiona matundu yamejipanga juu na chini kama ngazi, huku ubavuni yakiwa yamebana, shuku kasi ya risasi kabla ya kuanza kuzungusha skrubu za darubini.

Jinsi ya kuzilinganisha katika silaha yako

Hakuna orodha inayoweza kujua mtutu wako unapenda nini. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinaweza kupendelea chapa tofauti. Kwa hiyo nunua kidogo kidogo kwanza: boksi la 50 au 100 la kila moja ya tatu au nne, usianze na kasha la 5,000.

Safisha chemba na mtutu. Piga risasi 10 hadi 20 za chapa ya kwanza bila kuhesabu alama, ili nta yake itandae ndani ya mtutu. Kila chapa ina nta yake, na ukibadilisha bila kufanya hivyo, makundi ya kwanza ya chapa ya pili yatakuwa ya uongo. Kisha, ukiwa umekaa na bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, piga makundi matano ya milio mitano kwa meta 50, kila kundi kwenye duara lake. Pima kutoka katikati ya tundu la mbali hadi katikati ya tundu jingine la mbali. Chukua wastani wa yote matano. Kundi zuri kuliko yote lisikushawishi. Ni bahati tu ilipita.

Pembeni andika kila kasoro kwa aina yake: haikulia, haikupanda kutoka magazini, ganda halikutoka, ganda lilibanwa mlangoni. Aina hizi zina sababu tofauti. Kutolia ni kwa risasi au pini. Kutopanda mara nyingi ni kwa magazini au pua iliyobonyea. Ganda kubanwa wima mlangoni huonyesha nguvu haikutosha kurudisha bolti, au kucha inayovuta ganda imechakaa au imejaa masizi.

Kuhusu idadi, watu wengi hutangaza ushindi mapema mno. Ukipiga 100 bila kasoro hata moja, bado kiwango halisi cha kasoro kinaweza kuwa hadi kama 3 katika mia. Ukipiga 300 bila kasoro, unaweza kusema kwa uhakika mzuri kwamba hakizidi 1 katika mia. Kanuni ni rahisi: gawanya 3 kwa idadi ya milio safi. Anayekwambia chapa fulani haijawahi kumsaliti baada ya boksi moja la 50 amepima hadi asilimia 6 tu.

Ikikataa kulia

Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, na usubiri sekunde 30 kabla ya kufungua. Mara chache sana fataki huwaka kwa kuchelewa, na hutaki ganda liwe nje ya chemba wakati huo. Ukishaitoa, tazama ukingo. Alama ya pini ikiwa ya kina na wazi, risasi ndiyo yenye kosa. Alama ikiwa hafifu, angalia silaha: uchafu kwenye njia ya pini, springi iliyochoka, au bolti ambayo haikufunga kikamilifu. Kwa njia hii utaacha kulaumu boksi kwa kosa la grisi ya mwaka jana.

Hatari zaidi ni risasi inayolia kwa sauti dhaifu, kama "pu", bila teke la kawaida. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu. Acha kupiga hapohapo, hata kama mashindano yanaendelea na saa inahesabu. Ondoa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha kagua mtutu ukiwa umefunguliwa. Risasi ya pili nyuma ya iliyokwama huvimbisha au kupasua mtutu. Walengaji wanaopiga haraka ndio hunaswa, kwa sababu kidole kinatangulia sikio.

Miwani ya kinga ni ya lazima, zaidi kwa .22 rahisi. Ukingo dhaifu ukipasuka, au risasi ikilia kabla bolti haijafunga, gesi na vipande vidogo vya shaba hutokea pembeni, kimo cha uso.

Milimita 9: suala si kulia tena

Ukija kwenye milimita 9, hofu ya kutolia inapungua sana. Fataki iko katikati, imetengenezwa peke yake na kukaguliwa peke yake. Kati ya Blazer Brass, Magtech ya Brazil, PMC Bronze ya Korea Kusini, Sellier & Bellot ya Czech, Fiocchi ya Italia na USA ya Winchester, zote zenye greni 115 na ganda la shaba ya njano, mlengaji wa kawaida hatahisi tofauti ya maana isipokuwa moshi na ukali wa teke. Chagua iliyo na bei nzuri leo. Uamuzi wenye uzito ni wa ganda.

Ganda la shaba ya njano hutanuka risasi inapolia, likaziba chemba, kisha hunywea haraka na kutoka. Linaweza kujazwa tena mara kadhaa, na hata usipojaza mwenyewe lina thamani kwa wanaojaza. Hiyo ni fedha unayoweza kuirudisha.

Ganda la alumini, kama Blazer ya alumini, ni rahisi zaidi na hufanya kazi vizuri katika bastola nyingi za kisasa. Halijazwi tena. Ni laini, kwa hiyo risasi hiyohiyo isiingizwe chemba na kutolewa mara nyingi. Kanuni hiyo inafaa kwa risasi zote za milimita 9, kwa sababu kila kugonga njia ya kupandia kunaweza kusukuma kichwa ndani ya ganda, na kichwa kikiingia ndani shinikizo linapanda. Ukiona risasi fupi kuliko wenzake, iweke pembeni.

Ganda la chuma ndilo lenye ubishi mwingi. Chuma hakitanuki vizuri kama shaba, hivyo gesi na masizi hupenya kando yake na kuchafua chemba. Silaha hulia vizuri na chuma mpaka siku unapoingiza shaba kwenye chemba hiyo chafu: shaba hutanuka juu ya masizi na kung'ang'ania. Watu husema shaba ndiyo mbaya, kumbe ni mabaki ya boksi lililotangulia. Safisha chemba kabla ya kubadilisha.

Tatizo jingine liko kwenye kichwa. Risasi nyingi za ganda la chuma zina kichwa chenye koti la chuma lililopakwa shaba nyembamba. Koti hilo hula mtutu haraka kuliko shaba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, duka la Lucky Gunner la Marekani lilitumia bunduki nne za aina moja za .223, likikusudia kupiga risasi 10,000 katika kila moja: ya shaba ya Federal, na za chuma za Wolf, Brown Bear na Tula. Ile ya Federal ilimaliza bila kukwama. Wolf na Brown Bear zilimaliza zikiwa na kasoro chache, lakini mitutu yake ilichakaa mapema mno. Ile ya Tula haikumaliza. Hizo zilikuwa bunduki za kasi kubwa, na bastola ya milimita 9 haichakazi mtutu kwa ukali huo, lakini mwelekeo ni uleule. Anayepiga risasi 500 kwa mwaka hatauona mtutu ukichakaa maishani mwake. Anayepiga 500 kwa mwezi afanye hesabu ya bei ya mtutu mpya.

Viwanja vingi vya ndani vinakataa chuma kabisa, na mara nyingi mhudumu hupitisha sumaku juu ya boksi lako. Sababu ni cheche, uharibifu wa kuta zinazozuia risasi, na maganda ya chuma yanayoharibu biashara ya kuuza shaba. Beba sumaku yako: ikivuta ganda ni chuma, ikivuta pua tu ni koti la chuma ndani ya ganda la kawaida, na zote mbili zinaweza kukurudisha nyumbani. Bei ya chuma nayo haivutii kama zamani. Nyingi zilitoka Urusi, na tangu Septemba 2021 serikali ya Marekani haitoi vibali vipya vya kuziingiza.

Kwa wanaoshindana: mashirika ya mashindano ya kulenga shabaha ya IPSC na USPSA, na madaraja ya kawaida ya IDPA, shirika ambalo mchezo wake unachezwa pia Kenya, hudai uzito wa kichwa kwa greni ukizidishwa kwa kasi ufike 125,000. Kichwa cha greni 115 kinahitaji futi 1,087 kwa sekunde kutoka kwenye mtutu wako, na kasi ya boksi ilipimwa kwenye mtutu wa kiwandani. Boksi lililoandikwa 1,135 likipigwa kwa bastola ya mtutu mfupi linaweza kukosa. Greni 124 huhitaji 1,009 tu, kwa hiyo ndiyo salama zaidi kupeleka kwenye mashindano, hata ikizidi senti moja au mbili. Mazoezini endelea na 115.

Risasi zilizojazwa upya na viwanda vidogo huuzwa rahisi kuliko zote. Sizipendekezi kwa anayeanza. Watengenezaji wengi wa bastola hawatambui dhamana ya silaha iliyoharibiwa na risasi ya kujazwa, na hapo ndipo akiba ya senti tatu inapogeuka bei ya bastola.

Kwanza hakikisha unaruhusiwa

Kwa msomaji aliye Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo au utalii: sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kushika silaha wala risasi, hata ya kukodi uwanjani, isipokuwa unaingia kwenye msamaha kama leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Uingereza cheti chako huandikwa idadi ya juu ya risasi unazoweza kununua na kukaa nazo, kwa hiyo ofa ya kasha zima inaweza kuwa kosa la jinai. Na kabla ya kusafiri nyumbani, pekua kila mfuko wa begi lililowahi kwenda uwanjani. Risasi moja ya .22 iliyosahaulika inaonekana vizuri sana kwenye mashine ya uwanja wa ndege, na kuingia nayo Kenya au Tanzania bila kibali kutakupeleka polisi.

Ukishachagua

Kila boksi lina namba ya toleo. Ukipata toleo ambalo bunduki yako inalipenda, rudi dukani upesi ununue la kutosha msimu mzima kwa namba ileile, kwa sababu chapa ileile ya toleo jingine inaweza kupiga tofauti. Hilo ni muhimu zaidi kwa .22 kuliko milimita 9. Kwa ndoo za bei ya chini usijisumbue: hata ndani ya toleo moja zinatofautiana.

Zihifadhi pakavu, kwenye kisanduku chenye mpira wa kuzuia unyevu, mbali na gari lililoegeshwa juani. Mafuta ya kupenya ya makopo yasiguse risasi. Yanaingia kwenye fataki na kuiua. Zilizopo kwenye boksi lake ziache humo, maana ukimimina chapa mbili kwenye chombo kimoja, kasoro ikitokea hutajua ni ya nani. Baada ya kupiga, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula au kushika mtoto: vichwa na fataki zote mbili zina metali ya risasi, na vumbi lake hukaa kwenye vidole na nguo.